Feni Haisubiri Zamu

Kitaluni, 3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimekupigia simu mara nane. Mara ya tisa akapokea yule fundi cherehani wa mlango wa pili, akaniambia, "Mjomba wako anasema simu yake imeharibika." Nikamuuliza, na hii tunayoongelea ni nini, sufuria? Akakata. Mjomba! Mtu aliyefungua redio za nusu ya mji leo anashindwa na simu yake mwenyewe? Nilicheka mpaka wenzangu wakauliza kulikoni. Halafu kicheko kikaniishia, maana nilikumbuka tulivyoagana.

Basi naandika. Umeniita Kiroboto tangu sijaota meno, na naona uliniona mbali, kwa sababu sasa nashinda na vidudu vinavyoruka. Tunaviita virukajani. Ni vidogo kuliko punje ya mchele, vinakaa kwenye mahindi vinanyonya utomvu. Ninayo makundi mawili. Chini ya hadubini ni pacha kabisa, mabawa yale yale, doa lile lile mgongoni. Lakini kundi moja hubeba ugonjwa unaochora mistari kwenye majani mpaka shamba zima linakufa, na jingine halina hatia. Wakulima hawawezi kuyatofautisha, wanapulizia dawa kila kitu, hadi nyuki. Mimi nasema hizi ni aina mbili. Mkuu wa maabara anasema ni moja na mimi naota mchana. Tarehe 20 Mei nasimama mbele ya jopo. Nisipoonyesha tofauti, kitalu anapewa mtu mwingine nami nafungasha virago.

Tofauti, kama ipo, imo kwenye nyimbo. Ndiyo, vinaimba! Dume ana vigozi viwili kiunoni, anavibonyeza na kuviachia kama mfuniko wa kopo, ila wimbo hautoki hewani. Unapita ndani ya shina, na mwenzake anausikia kwa miguu. Sisi na masikio yetu makubwa hatuambulii kitu.

Mashine yetu ya kupimia mitikisiko imekufa, na kuitengeneza ni miezi sita. Naomba kichwa cha gramafoni, kile chenye sindano, na amplifaya yenye akili. Sindano inayosoma santuri itashindwaje kusoma shina la mahindi?

Najua ulikuwa umeshatangaza mbele ya watu kwamba duka litakuwa langu, nami nikaondoka. Kama bado una kinyongo, nisaidie hivyo hivyo na kinyongo chako.

Kiroboto


Dukani, 12 Machi

Marahaba Kiroboto,

Simu inaharibika na kupona inavyotaka, ndiyo tabia ya simu. Barua ni bora. Mtu anafikiri kabla ya kubwabwaja, na wewe hilo litakufaa kuliko wengi.

Kwenye boksi kuna vichwa vya gramafoni viwili, kimoja cha akiba kwa kuwa nakujua. Sindano iguse shina, isilikandamize. Iguse kama unavyogusa pasi kujua imepata moto. Chungu cha mmea kiweke juu ya beseni la mchanga, maana meza ya mbao inasikia nyayo za kila apitaye. Amplifaya nimeilehemu upya kwa mkono wangu. Ukisikia mngurumo, usiilaumu. Tafuta kosa kwako kwanza.

Kuhusu vidudu kuimba, nina miaka thelathini na minane kwenye kazi hii, nimeletewa redio zenye mende mpaka kwenye betri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniimbia. Lakini wewe ndiye msomi.

Duka siku hizi nafungua asubuhi tu. Uzee huo.

Mjomba wako, Fundi


Kitaluni, 28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Vinaimba! Kaa chini usome. Vinaimba!

Nilifanya ulivyosema, mchanga, sindano, na kugusa kama pasi. Nikawasha spika nikamwachia dume mmoja juu ya jani, kwenye mmea wenye wenzake. Alitembea kidogo, ikawa kama mtu anaburuta kabati. Akasimama. Kisha nikasikia hodi tatu, wazi kabisa, ko, ko, ko. Kimya. Akarukia jani jingine, akapiga hodi tena, akangoja. Mjomba, kidudu hicho nikikiweka kwenye ukucha wangu nafasi inabaki, lakini kilibisha hodi kwenye mmea mzima, jani kwa jani, kwa adabu ambayo baadhi yetu hatuna. Akaja dume wa pili, akaanza kukwaruza juu ya wimbo wa mwenzake ili usisikike. Fitina hiyo! Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikawa nacheka peke yangu.

Sasa huzuni. Makundi yote mawili yanapiga hodi sawasawa. Nimepima mara mia. Ko, ko, ko, huku na huku. Mkuu alitazama karatasi zangu akaniambia taratibu, "Aina moja, binti," na upole wake uliniuma kuliko kama angenifokea.

Jambo jingine. Chini ya hodi kuna mngurumo mzito, mm, ambao siupendi. Sisemi ni amplifaya yako, roho yangu bado naipenda. Nadhani ni feni ya kitalu. Nimeuchuja. Nakutumia kanda mbili, kwa sababu kompyuta huitaki: moja safi, moja chafu kama ilivyotoka. Mwanzoni mwa ile safi nimekusalimia kwa sauti yangu. Sikiliza uniambie kama mngurumo ule ni wa kwako au wa feni.

Kiroboto


Dukani, 9 Aprili

Kiroboto,

Amplifaya yangu haingurumi bure. Nilikaa na hasira siku nzima kabla ya kushika kalamu.

Salamu zako nimezipata. Baada ya hapo kanda yako safi ni tupu. Umechuja chai, ukamwaga chai, ukabaki na majani.

Kanda chafu ndiyo yenye mambo. Niliuma mpini wa bisibisi, ncha nikaiweka kwenye chuma cha spika, kama nilivyokufundisha kusikiliza mota inayougua. Nimeirudia mpaka taya linaniuma. Sasa nisikilize vizuri. Huo mngurumo si wa feni. Feni haisubiri zamu. Feni inanguruma tu, uwepo usiwepo. Huu wako unanyamaza mtu akibisha, na akimaliza unaitika. Wewe umemsikia anayepiga hodi, ukamfuta anayesema karibu.

Na hawasemi karibu kwa namna moja. Kundi lako la kwanza, kishindo cha tatu hakijaisha, mm, ameshaitika. Huyo ana haraka. Kundi la pili anakaa kimya kwanza, pumzi moja nzima, ndipo anaitika, tena mara mbili, mm, mm. Nimehesabu kwa vidole, hodi arobaini kila upande. Hakukosea hata mara moja.

Nakiri nimewavulia kofia. Mende wangu hawakuwa na lolote.

Fundi


Kitaluni, 21 Aprili

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Ni majike! Nilimtenga jike mmoja kwenye mmea wake, nikambishia hodi ya kanda kwa pini inayotetema juu ya shina. Akaitika. Mimi nilibisha hodi, yeye akaniambia karibu! Nimejaribu majike sitini, na kila mmoja kaitika kama ulivyoandika, wenye haraka na wenye subira. Kisha nikawadanganya madume. Dume wa kundi la pili akijibiwa haraka anashtuka, anaruka anaondoka zake, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mwanzo mwisho hawaoani. Aina mbili!

Mkuu alisikiliza mara tatu. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza nani amegundua. Nikasema mjomba wangu, fundi redio. Anasema jopo litataka kukuona, kwa sababu kifaa ni chako na sikio ni lako. Njoo tarehe 20. Tafadhali.

Ila kuna jambo limenichoma na sitalificha. Kwenye ile kanda sikukusalimia tu. Nilikuuliza swali, tena nililiuliza kwa shida. Wewe unaniandikia "salamu zako nimezipata" halafu unaruka kwenye majani ya chai. Kama hutaki kunijibu, sema hutaki.

Kiroboto


Dukani, 26 Aprili

Kiroboto,

Hongera sana. Nimefurahi kuliko ninavyojua kuandika.

Sitakuja. Kazi zimenizidi, na vyumba vyenye watu wengi vinanichosha. Wasomi wakiuliza, wajibu wewe. Kuhusu salamu, nilishasema nimezipata.

Fundi


Kitaluni, 4 Mei

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua yako ililiza mtu siku mbili. Siku ya tatu nikaacha kulia nikafanya ulivyonifundisha: redio ikinyamaza usiipige makofi, fuata waya.

Nikaufuata. Simu iliyoharibika huku jirani anaiongelea. Duka linalofunguliwa asubuhi tu, saa ambazo nakumbuka fundi cherehani huwa yupo mlango wa pili. Kazi zimekuzidi, na duka lako ni la nusu siku. Kisha nikachukua nakala yangu ya ile kanda safi uliyoiita tupu, nikaicheza. Mlinzi wa geti, hatua thelathini kutoka hapa, akaniuliza nani anagonga. Na kabla ya zile hodi kuna sauti yangu, kubwa kama ya muuza gazeti.

Hukuniruka, Mjomba. Hukunisikia.

Nimeona aibu kwa yote niliyokuandikia. Halafu nikaona jambo jingine, na hili nataka ulisome mara mbili. Sisi hapa ni watu wanne wenye masikio mazima. Tulisikia mngurumo ule mwezi mzima tukauita feni. Wewe ukauma bisibisi ukamsikia jike mdogo kuliko punje ya mchele akisema karibu. Umesikia kama wao wanavyosikia, kwa mwili. Sijui mtu mwingine aliyewahi kunishangaza hivyo.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Mjomba, ulinikasirikia nilipoondoka?" Kisha nikanyamaza kidogo, mjinga mimi, kana kwamba kanda itajibu.

Tangu lini? Na kwa nini ulibeba peke yako?

Kiroboto wako


Dukani, 11 Mei

Mwanangu,

Umenifumania.

Ni mwaka wa tatu sasa. Zilianza kuondoka sauti nyembamba. Kengele za baiskeli, kisha filimbi ya birika, kisha maneno ya watu yakawa kama wanaongea wamefunikwa blanketi. Mwaka jana mteja alileta redio inayopiga mluzi. Nikaishughulikia, nikamrudishia, nikamwapia imepona. Akaiwasha pale pale dukani. Watu wakaziba masikio, na mimi nimesimama katikati yao natabasamu. Nilijua kwa nyuso zao. Siku ile nilirudi nyumbani sikula.

Fundi redio kiziwi! Nani ataleta redio yake kwa mtu huyo? Ni kama kinyozi kipofu. Kwa hiyo nikafunga mdomo. Fundi cherehani peke yake anajua. Mteja akija, anakaa mlangoni na kitambaa chake, ananionyesha kwa vidole: inakoroma, inakatika, imekufa. Na wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Ulinijua nikiwa nasikia betri ikikaribia kuisha kwenye redio ya mtu anayepita barabarani. Sikutaka uje unikute hivi.

Amplifaya ile niliipima kwa meno. Nilipoipeleka posta sikuwa na hakika kama nimekutumia kifaa au uchafu.

Nimesoma mara mbili pale ulipotaka nisome mara mbili. Nimesoma mara nyingi zaidi, kusema kweli.

Nakuja. Usinikalishe mbele. Nikalishe mahali ninapoweza kuweka mkono juu ya meza unayozungumzia.

Mjomba


Kitaluni, 23 Mei

Shikamoo Mjomba,

Umeondoka kabla sijapata muda wa kukueleza, na najua mengi ya mle ndani hukuyapata. Nayaandika yote, usije ukapitwa na hata neno.

Mwenyekiti wa jopo, yule mama mwenye mvi na fimbo, aliniuliza, "Nani aliyekuwa wa kwanza kumsikia jike?" Nikakuonyesha wewe. Watu wote wakageuka. Wewe ukadhani unaambiwa utoke, ukachukua kofia yako ukasimama! Hapo ndipo nilipokuvuta shati. Samahani kwa kile kifungo.

Alipokuja kwako na mkono wazi, alisema, "Naomba hiyo bisibisi yako." Ulielewa mwenyewe, ukaitoa mfukoni, ukaifuta kwa leso ukampa. Akaiuma, mama mzima wa heshima vile, akaweka ncha kwenye spika. Ulimwona alivyofumba macho. Ulichokosa ni neno alilosema alipoyafumbua. Alisema, "Kumbe." Basi. Akasema tena, "Kumbe." Nyuma yako wale wanaume wawili wenye tai walikuwa wanagombania nani afuate kuuma.

Mkuu wangu alisema, nanukuu, "Miaka ishirini nasoma wadudu hawa nikiwa na masikio mawili, na sijawahi kusikia chochote." Alisema hivyo mbele ya jopo zima, yule yule wa "aina moja, binti." Na mwenyekiti alipofunga kikao alisema makundi ni mawili, dawa ilengwe kwenye moja, na kitalu kinabaki kwangu. Wewe ulijua tumeshinda kwa kuwa nilikurukia shingoni. Nilichokuwa napiga kelele ni "Mjomba wangu huyo!" Nilikisema mara nyingi mno, wananiambia.

Nilipokuwa nazungumza nilikuangalia mkono wako juu ya meza. Haukutoka pale hata mara moja.

Kiroboto


Dukani, 2 Juni

Marahaba mwanangu,

Kifungo fundi cherehani amekishona, amekataa shukrani, amedai nimsimulie habari za yule mama mara ya nne.

Nimebandika karatasi mlangoni: FUNDI HASIKII VIZURI. ANDIKA REDIO YAKO INAUMWA NINI. Nilibandika jioni nikakimbilia ndani kama mwizi. Asubuhi walikuwepo watu watatu. Mmoja ameniandikia ukurasa mzima, nusu ni redio na nusu ni mama mkwe wake. Duka nafungua kutwa sasa.

Ile kanda yako safi ninayo. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango nauma bisibisi nacheza pale mwanzoni tu, kabla ya hodi. Maneno siyapati, na sitakudanganya tena kwamba nayapata. Kwangu ni mngurumo. Lakini ni wewe, ningekutambua kati ya watu elfu. Unapanda, unashuka, unapanda, halafu unanyamaza. Nimehesabu kwa vidole kimya hicho. Ni pumzi moja nzima.

Hapo palikuwa zamu yangu, nikaiacha ipite. Basi naitika sasa. Hapana, mwanangu. Sikukukasirikia hata siku moja.

Mjomba wako